Baba Alipofundishwa Kuchechemea

Baba yangu alikuwa mkweli hadi kero. Angemwambia mchungaji pale mlangoni mwa kanisa kwamba mahubiri ya leo yalikuwa marefu na hayakufika popote. Angeniambia mimi, bintiye, fundi wa nguo mwenye uzoefu wa miaka kumi, kwamba sketi niliyomshonea jirani imekaa kombo. Lakini kuna jambo moja aliloliongopea kila siku ya Mungu, nalo ni mguu wake wa kushoto. Ukimuuliza kama unamuuma, haumuumi. Ukimkuta ameshika ukuta wa ngazi, jasho likimtiririka, ukamuuliza tena, atakuambia anaangalia kama ile rangi imeanza kubanduka.

Tulikuwa tunaishi Gatina, Kawangware, ghorofa ya tatu, chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia. Aliniita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kwa sababu nimebeba jina la mama yake mzazi. Mama yangu alikuwa nyumbani Kitui akilima shamba peke yake, kama alivyolilima miaka yote ya ndoa yao. Mimi nilikuwa na kibanda na cherehani Soko la Toi, ukingoni mwa Kibera, kazi yangu kupunguza na kurekebisha nguo za mitumba. Baba alikuwa soja wa kulinda lango la watu hadi mwaka ule wa 2007, alipoambiwa asirudi tena kazini, maana ni soja gani huyo anayekaa chini zamu nzima? Zamani kabla ya hapo alikuwa mwanajeshi.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo nilikuwa natafuta kitambulisho chake kwenye sanduku la bati nikakutana na bahasha ya kahawia. Ndani kulikuwa na barua ya miaka mingi, imekunjwa hadi ikapasuka mikunjoni. Ilisema bodi ya madaktari imeridhika kwamba muombaji hana ulemavu wowote uliotokana na kazi yake, na kwa hivyo ombi lake la malipo ya ulemavu limekataliwa.

"Baba, ombi gani hili?"

Akaninyang'anya barua, akaisoma kama ndiyo mara ya kwanza kuiona, akaikunja tena. Halafu akanihadithia, tena kwa fahari.

Walikuwa kaskazini, kwenye nchi kavu, yeye na rafiki yake mkubwa kikosini, kijana kutoka upande wa ziwa. Walitumwa kuleta maji. Lori likapinduka kwenye mto mkavu. Rafiki yake aliumia mkono na mgongo, Baba akavunjika nyonga. Walilala hospitalini miezi, wakatolewa jeshini, wakaambiwa waombe malipo ya ulemavu, na kila mmoja akapewa siku ya kwenda mbele ya bodi.

"Siku moja kabla nilipiga viatu rangi hadi nikajiona usoni," Baba alisema. "Nikapiga pasi sare. Asubuhi nikaacha fimbo nje ya mlango, nikaingia, nikapiga saluti. Wakaniuliza, una tatizo gani? Nikasema sina tatizo, afande. Wakaniambia nitembee hadi dirishani na kurudi. Mwaitu, nilitembea! Niligeuka nyuma vizuri kuliko siku zote za maisha yangu."

Niliitazama tena ile barua mkononi mwake.

"Kwa hivyo ulienda kuomba malipo ya ulemavu ukawapigia gwaride?"

"Mwanajeshi hajikunji mbele ya wakubwa."

"Na maumivu je?"

"Maumivu niliyaacha nje pamoja na fimbo."

Wueh! Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaenda nyuma ya pazia nikalia kidogo. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimempeleka hospitali ya serikali wakampiga picha ya nyonga, na daktari alipoitazama aliniuliza mzee huyu alikuwa anatembeaje miaka yote hii. Mfupa ulivunjika zamani ukaunga vibaya, sasa unajisaga. Asipopasuliwa, daktari alisema, hatamaliza mwaka mwingine kwa miguu yake. Upasuaji wenyewe hatukuwa na uwezo wa hata kuuota. Lakini kama jeshi lingekubali kwamba nyonga ile ilivunjikia kazini, wangemtibu wenyewe.

Nikafunga kibanda siku moja nikaenda mjini, kwenye ofisi inayoshughulika na mambo ya wanajeshi wa zamani. Karani alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Nilidhani atanifukuza. Aliisoma ile barua, akaniambia uamuzi wa zamani unaweza kukatiwa rufaa, ila sharti ulete kitu ambacho bodi ya kwanza haikukiona. Barua ya daktari ya sasa ni nzuri, itaonyesha mfupa ulivunjika. Lakini ulivunjikia wapi? Hapo ndipo panapohitajika shahidi.

"Kulikuwa na nani mwingine kwenye hilo lori?" akauliza.

Jioni nikamuuliza Baba. Dereva alikwisha kufa. Aliyebaki ni yule rafiki yake wa ziwa.

"Yuko wapi?"

"Nasikia yuko Kibera. Gatwekera."

Gatwekera! Kila siku nilikuwa Toi, mwendo wa dakika chache tu kutoka huko, na huyu mzee hajawahi kunituma hata salamu. Nikamuuliza kwa nini.

"Alilia mbele ya bodi," Baba akasema. "Mwanamume mzima. Nilimwambia kantini, mbele ya watu, kwamba yeye ni mtoto mchanga. Hatujasemezana tangu siku hiyo."

Rufaa nikaiandika mwenyewe, nikaipeleka, tukapangiwa kusikilizwa mwishoni mwa Februari. Nilijiambia nitamtafuta huyo shahidi baada ya Krismasi, watu wakishapiga kura na vurugu za kampeni zimetulia. Kumbe sikujua ninachokisema.

Yaliyotokea baada ya matokeo ya kura kila mtu wa Nairobi anayajua, na asiyeyajua ashukuru. Kwetu Gatina usiku tulisikia nyayo na mayowe, na asubuhi ukiteremka unakuta jirani kahama na mlango uko wazi. Toi iliteketea yote. Nilipofika nilisimama mahali nilipodhani ndipo kibanda changu, nikatambua cherehani yangu kwa gurudumu lake tu, limekunjamana. Nilikaa juu ya jivu nikatukana kila mtu aliyewahi kugombea kiti chochote katika nchi hii, hadi mama muuza maharagwe akaniletea maji.

Lakini wacha niseme ukweli. Kama soko lisingeungua, nisingepata nafasi. Ningekuwa nimeinamia nguo za watu hadi Februari inapita. Sasa sikuwa na kibanda, sikuwa na cherehani, nilikuwa na miguu miwili mizima na hasira tele. Mwishoni mwa Januari, siku moja kulipokuwa kumetulia, nikaamua kuteremka Gatwekera.

Baba akakataa katakata. Siasa za wakubwa zilikuwa zimefanya sisi Wakamba tuonekane wasaliti kule, kwa kuwa kiongozi wetu alikuwa amejiunga na serikali ambayo wao walisema imeiba kura, na jina langu kwenye kitambulisho halikuhitaji kutafsiriwa. Nikamwambia kama anataka nisiende, asimame mlangoni anizuie. Hakuweza kusimama kwa muda, na alijua ninajua. Nilijuta nilipofika chini, lakini sikurudi.

Nilivuka reli, ile iliyong'olewa mataruma, nikakuta vijana watano wamekaa juu ya mawe karibu na tairi lililoungua.

"Niaje, siste. Unaenda wapi?"

"Naenda kwa mzee mmoja aliyekuwa jeshini. Mkono wake wa kulia haunyooki."

"Hebu ID."

Nikawapa. Mmoja akalisoma jina langu kwa sauti, akamtazama mwenzake. "Kwani si watu wako ndio walituuza?"

Mdomo wangu huwa haungoji moyo. "Mimi sijauza hata kifungo tangu Krismasi," nikasema. "Kibanda changu Toi kimechomwa. Kama unamjua aliyenichomea nionyeshe, nina maneno naye."

Kisha yule wa kitambulisho akacheka. "Aki huyu mathe ana mdomo! Wacha tumpeleke kwa buda," yaani kwa huyo mzee. Wawili wakanisindikiza kwenye vichochoro, wakaruka mitaro mbele yangu wakinionyesha pa kukanyaga, hadi kwenye nyumba moja ya udongo na mabati yenye redio tatu zinazozungumza kwa pamoja mlangoni.

Mzee alikuwa fundi wa redio. Mrefu, mkavu, mkono wa kulia umepinda pale kwenye kiwiko na hauendi mbele wala nyuma. Nilimwambia mimi ni binti ya nani. Akazima redio moja, akazima ya pili, akazima ya tatu.

"Bado anatembea kama amemeza mpini?"

"Siku hizi anatembea kwa kushika kuta, mzee. Ndiyo maana nimekuja."

Nikamweleza yote, barua, nyonga, rufaa, siku tuliyopangiwa. Alinisikiliza akiuangalia mkono wake.

"Sasa nikuambie mimi, nyathina," akasema, na neno hilo kwao ni mwanangu. "Mimi niliingia kwa bodi kwanza. Nikasema mkono haunyooki, mgongo unawaka moto. Nikalia, ndiyo, kwa sababu ilikuwa inauma. Halafu wakamwita yeye. Lori moja, ajali moja, siku moja. Na yeye ndiye alivunjika vibaya zaidi, sisi wote tulijua. Akawapigia saluti akasema hana neno! Wakaniita tena. Wakaniuliza, mwenzako yule pale mzima, wewe unalilia nini? Nimeitwa mwongo miaka miwili. Nimerudishwa mbele ya madaktari mara tatu kabla waniamini. Na mtu wa kwanza kunicheka ni yeye."

Nilikuwa nimekuja kuomba msaada, nikakuta sisi ndio tunaodaiwa pole.

"Nitasema niliyoyaona," akasema. "Lakini kwanza aje aniambie kwa mdomo wake mwenyewe. Na watu wasije wakasema ni mambo ya kabila. Kura haiko hapa. Hii ni yangu na yake."

"Nimlete hapa?"

"Hapana, omera! Vijana hawamjui, na yeye hajui kunyamaza. Mlete Toi, Jumamosi asubuhi. Mimi nitapanda huko juu."

Omera ni neno la mwanamume kumwambia mwanamume mwenzake, lakini nililichukua kama sifa.

Nyumbani Baba alinisubiri ameketi kitandani, na alipoona niko salama alifunga macho kidogo. Kisha nikampa ujumbe, pamoja na habari ya mwenzake kuitwa tena mbele ya bodi, na amani ikaisha.

"Nimwombe msamaha mtu aliyelia? Mimi?"

"Wewe! Wewe na saluti yako! Wewe ndiye ulikwenda kupokea haki yako ukairudisha kwa heshima zote!" Nilipiga kelele hadi jirani wa ng'ambo akagonga ukuta. "Unataka nikubebe mgongoni hadi uzeeni kwangu? Haya, kaa na gwaride lako!"

Siku mbili hatukusemezana. Chai nilimwekea mezani nikaondoka. Siku ya tatu asubuhi nikarudi kutoka kununua mboga nikamkuta ameketi kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, mtungi wa maji kando yake, mtupu. Alikuwa ameteremka peke yake kuteka maji ili nisiende mimi. Hakuweza kuendelea wala kurudi. Watu walikuwa wakimpita wakimwamkia naye akiitikia, ati anapumzika.

Nikaketi karibu naye.

"Mwaitu," akasema, "aliposema aliitwa tena, ni kweli? Walimwita mwongo kwa sababu yangu?"

"Ndivyo alivyosema. Miaka miwili."

"Hilo sikulijua." Akalisugua goti lake polepole. "Mimi nilidhani nimejitia hasara mwenyewe. Sikujua nilimfanya mtu mkweli aonekane mwongo."

Nikajua hapo hapo kwamba Jumamosi tunaenda. Namjua baba yangu. Kukosa chakula angevumilia, kukosa mguu angevumilia, lakini kwamba kuna mtu aliyesema kweli na hakuaminiwa kwa ajili yake, hilo lisingemwacha alale.

Toi ilikuwa imeanza kusimama tena. Watu walikuwa wamepima viwanja vyao kwa kamba juu ya jivu, na kila upande nyundo zilikuwa zinalia na harufu ya mbao mpya imejaa. Nilikuwa na nguzo nne tayari na benchi la kuazima. Nikamketisha Baba hapo, baada ya vijana wa jengo letu kumshusha ngazi na matatu kutufikisha. Alikuwa amevaa koti na viatu vinavyong'aa, sikumzuia. Mzee wa Gatwekera akatokea kati ya nguzo, koti lake pia limepigwa pasi, nikajua hawa wawili ni wa namna moja.

Baba akajaribu kusimama. Alishindwa mara ya kwanza. Mara ya pili akasimama, ameshika nguzo.

"Nilikucheka," akasema. "Na nilikufanya mwongo mbele ya wakubwa. Wewe ulisema kweli na mimi ndiye niliyeongopa. Nisamehe, ndugu yangu."

Yule mzee akamtazama, meno yameumana. "Miaka ishirini nimefanya mazoezi ya kukutukana," akasema, "na sasa unaniharibia." Wakashikana mikono, mkono wa kushoto kwa wa kushoto kwa sababu ya kile kiwiko, na hawakuachana hadi mimi nikageuka kuangalia pembeni.

Nilidhani kazi imeisha. Kumbe haijaanza. Mzee wa Gatwekera akarudi nyuma hatua tano, akaniambia, "Nyathina, ondoa hilo benchi." Halafu kwa Baba: "Sasa nionyeshe utakavyotembea mbele yao."

Baba akavuta pumzi, akanyoosha mgongo, akatembea. Alitembea wima, kidevu juu, uso umekuwa wa kijivu kwa maumivu. Wauza nguo waliacha kupiga misumari wakamtazama. Mmoja akapiga makofi.

"Hapana!" yule mzee akafoka, sauti ya kambini kabisa. "Rudi! Tembea vile unatembea nyumbani ukienda choo!"

Baba akaanza tena. Akanyooka tena.

"Rudi! Huo mguu unauma au hauumi?"

"Unanisumbua kidogo."

"Unauma au hauumi?"

"Unasumbua."

"Rudi nyuma! Mficha maradhi, kifo humuumbua! Rudi!"

Basi ndivyo nilivyoiona siku ile, katikati ya soko lililoungua, mzee Mjaluo akimfundisha mzee Mkamba kuchechemea, kwa amri za gwaride. Watu walicheka, na mimi nilicheka zaidi yao. Mama muuza maharagwe alishika mbavu. Lakini mara ya sita au ya saba, Baba alipokuwa amechoka hata kunyooka hawezi, akaanza kutembea kwa ile hali yake ya kweli. Mguu wa kushoto ukaburuta. Bega likashuka. Mkono ukatafuta nguzo baada ya nguzo. Kicheko kikaisha chenyewe. Nilikuwa nimeishi naye chumba kimoja na sikuwahi kuuona mwendo ule mzima, mwanzo hadi mwisho, mbele ya macho yangu.

"Hivyo," mzee wa Gatwekera akasema kwa sauti ndogo. "Hivyo hivyo. Wapelekee huyo."

Siku ya rufaa ilikuja wakati wakubwa wa nchi nao walikuwa wamefungiana chumbani wakitafuta kupatana, na mji mzima umeinamia redio. Sisi tulikuwa na kikao chetu. Chumba kilikuwa cha kawaida, meza ndefu, watu watatu nyuma yake, wa katikati afisa mwenye mvi. Mimi niliruhusiwa kuketi karibu na mlango. Mzee wa Gatwekera alitoa ushahidi kwanza. Alieleza lori, mto, na muda waliokaa pale. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

"Mimi nilikuwa chini ya lori," akasema. "Huyu ndiye alinitoa. Nyonga tayari imevunjika. Alinivuta kwa kola, amekaa chini, akisukuma kwa mguu mmoja, hadi kivulini. Kama angekuwa mtu wa kulia angelia siku ile. Hakulia. Na hata kwa bodi hakulia. Nyinyi mliandika ni mzima. Alikuwa hajui kusema, basi."

Afisa mwenye mvi akamgeukia Baba. "Mzee, tembea hadi dirishani."

Baba akasimama. Nikaona visigino vikitafutana, kifua kikitoka mbele. Mungu wangu, si tena. Akasimama hivyo, mguu sawa, nikahesabu pumzi zangu. Kisha mabega yakashuka. Akashika pembe ya meza ya wakubwa, meza yenyewe, akaanza kutembea. Mguu ukaburuta sakafuni hadi dirishani. Alichukua muda mrefu sana. Hakuna aliyemharakisha. Alipofika aligeuka kwa kushika kizingiti cha dirisha, na uso wake ulikuwa umelowa.

"Unaumwa, mzee?" afisa akamuuliza.

"Ndiyo, afande," Baba akasema. "Naumwa. Nimeumwa kila siku."

Yule afisa akavua kofia yake akaiweka mezani, akaandika. Nilitoka nje nikalia kwenye ukuta wa korido, safari hii sikujificha nyuma ya pazia lolote.

Barua ilikuja mwezi wa Mei. Wakati huo nilikuwa na cherehani ya kuazima chini ya mabati mapya, na Toi ilikuwa imejaa watu tena wakivutana bei. Nilipanda ngazi za Gatina mbio, nikamsomea. Uamuzi wa zamani umefutwa. Jeraha la nyonga la muombaji lilitokana na kazi. Atatibiwa. Nikarukaruka hadi jirani akagonga ukuta, nikamgongea na mimi. Baba hakuruka. Aliniomba nisome tena pale paliposema jeraha lilitokana na kazi. Nikasoma. Akaniomba tena.

"Sasa piga simu nyumbani," akasema. "Mwambie mama yako."

"Nimwambie utatibiwa?"

"Mwambie haikuwa uvivu."

Sikuelewa. Akatazama chini. Miaka yote, akasema, kila alipokwenda likizo Kitui msimu wa kulima, alikaa kivulini mama yangu akilima. Ndugu walinong'ona. Majirani walisema huyu soja wa mjini amezoea viti. Mama hakumuuliza, na yeye hakumwambia, kwa sababu kwake pia alikuwa mzima, hana neno. Alimwacha mkewe alime peke yake miaka ishirini akidhani ameolewa na mvivu.

Nilipiga. Mama alikuwa shambani, nikasikia upepo. Nikamweleza yote kwa haraka, salio lilikuwa dogo, na mwisho nikampa ule ujumbe neno kwa neno. Haikuwa uvivu.

Nikasikia Mama akiliweka jembe chini.

"Kwani mimi silali naye?" akasema. "Mtu anagumia kwa maumivu usiku kucha nisisikie? Nilijua tangu alipotoka jeshini. Nilikuwa nangoja aniambie."

"Mbona hukumuuliza?"

"Angesema hana neno. Ukimuuliza mtu kama huyo unamwongezea uongo tu. Hebu mpe simu."

Nikampa. Aliishika kwa mikono miwili, akaketi kitandani, akaunyoosha ule mguu mbele yake. Akamwamkia mkewe kwa Kikamba, akakohoa, kisha akaanza kumweleza tangu ile siku ya lori. Mimi nikateremka dukani mbio kununua kadi ya simu, maana maneno yalikuwa mengi na salio lilikuwa karibu kuisha.